Natafuta pleya ya kubeba Sikinde, Msondo na taarab zote za nyumbani

Mwaka 2001, tarehe 23 Oktoba, Apple walitambulisha iPod ya kwanza wakasema sasa unatembea na nyimbo 1000 mfukoni. Diski ya ndani ilikuwa GB 5, bei dola 399, na hiyo namba ya nyimbo elfu ikakaa vichwani mwa watu mpaka leo, boksi la pleya yoyote utakalolishika Kariakoo limeandikwa nyimbo elfu kadhaa. Mimi swali langu moja tu, nyimbo za nani? Maana GB 5 ukizigawa kwa nyimbo 1000 unapata MB 5 kwa wimbo, na kwa MP3 ya kbps 160 (kilobiti 160 kwa kila sekunde) waliyokuwa wanapigia hesabu wao, hiyo ni dakika nne na ushee. Dakika nne jamani! Wimbo wa dansi dakika nne ndo kwanza beti zinaisha, chemko bado, magita ndo yanaanza kuulizana habari. Taarab hizi za kisasa ndo usiseme, dakika 12, dakika 15, na mwimbaji bado hajamaliza kumsema jirani yake.

Kwaiyo kitu cha kwanza ukitaka pleya yenye nafasi kubwa, achana na hesabu ya nyimbo, hesabu masaa. MP3 ya kbps 128 inakula karibu MB 1 kwa dakika, ya kbps 320 inakula MB 2.4. Chukua kadi ya GB 256, mwenye boksi akihesabu nyimbo za dakika nne nne kwa kbps 128 anapata zaidi ya nyimbo 60,000 na hapo ndo anakuandikia kwa maandishi makubwa, mimi nikihesabu taarab za dakika 12 kwa kbps 320 napata chini ya 9,000. Kadi ni ileile. Zote mbili ni hesabu za kweli ila moja inakuhusu wewe na nyingine inamhusu kijana anayesikiliza nyimbo za redio za Marekani.

Sasa kwa nini nahangaika na haya mambo wakati kila mtu ana simu. Nyumbani kwetu Tanga kuna kanda. Marehemu mzee wangu alikuwa mtu wa kanda, za dukani na za kurekodi mwenyewe redioni, zile ambazo mtangazaji anaingia katikati ya wimbo kusoma salamu. Nimekuwa nazihamishia kwenye kompyuta kidogo kidogo, juu ya hizo kuna CD za kuchomwa mitaani, kuna nyimbo za memori kadi za simu za zamani, na za binamu zangu wa Mombasa ambao wao kwao muziki ni taarab ya pwani tu, ukiwatajia kingine wanakuangalia. Vyote hivyo nataka vikae sehemu moja ninayoweza kuibeba, na shangazi yangu akija aweze kuitumia bila kuniita jikoni kila dakika tano.

Nikwambie mapema, kama nyimbo zako zote hazifiki GB 64 na simu yako ina sehemu ya kadi na tundu la hedifoni, usinunue pleya. Kweli kabisa. Simu nyingi za Tecno, itel na Infinix bado zinakuja na hivyo vitu viwili, tafuta programu nzuri ya kupigia muziki uendelee na maisha. Shida iko kwa wenye simu za bei, maana iPhone ilitoa tundu la hedifoni tangu iPhone 7 mwaka 2016 na kadi haijawahi kuwa nayo, Samsung nao kwenye Galaxy S21 mwaka 2021 wakaondoa sehemu ya kadi. Yaani unalipa zaidi unapata kidogo. Halafu simu ina mambo yake, uko katikati ya wimbo inaingia meseji ya mkopo, inaingia simu ya mtu wa namba mpya, na chaji unayoimalizia kwenye muziki ndo hiyo ungelipia nayo nauli kwa mtandao wa simu.

Na wale wa kusema si ustrimu tu, sawa, strimu. Bongo fleva zote ziko huko, singeli ziko, sina ugomvi. Lakini dansi la miaka ya 70 na 80 kwa sehemu kubwa lilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, hii ambayo leo ndo TBC, kwenye studio yao, kwenye mikanda yao, na mengi yalipigwa hewani tu hayakuwahi kuwa santuri wala kitu cha kuuzwa. Kilichobaki mitaani ni walichorekodi wasikilizaji kama mzee wangu. Hayo huyakuti kwenye programu ya kustrimu hata ulipe bando la mwezi, na ukiyakuta jina la bendi limekosewa.

Nikaanza kuangalia soko. Wengi wakisikia pleya ya nafasi kubwa wanawaza iPod Classic, na mimi niliiwaza. Ingawa si Apple walioanza, mwaka 1999 kulikuwa na Personal Jukebox ya GB 4.8 na mwaka 2000 Creative wakaleta Nomad Jukebox ya GB 6, nene utadhani umebeba CD pleya. Kilichowasaidia Apple ni kidiski kidogo cha Toshiba cha inchi 1.8. Classic ilikuja kufika GB 160 mwaka 2007, ikaendelea mpaka Septemba 2014 ikaondolewa, na Tim Cook, bosi wa Apple wakati huo, alieleza sababu, vipuri havikuwa vinapatikana tena. iPod Touch nayo ikafuata Mei 2022 na ukoo wote ukaishia hapo.

Lakini watu hawajaziacha. Mafundi wa Ulaya na Marekani wanaifungua Classic, wanatoa diski, wanaweka adapta inayopokea kadi za memori mbili mpaka nne, wanaweka betri kubwa pale diski ilipokuwa inakaa, na kitu kinatoka na GB 512 au TB 1, hakina kinachozunguka ndani, hata kikianguka hakikati wimbo. Ni kizuri nisikudanganye. Gurudumu lile la kuzungusha kwa kidole sijaona kitu kingine kinachopita haraka kwenye orodha ndefu hivyo. Ila angalia haya kabla hujatuma hela kwa mtu. Si kila toleo linakubali nafasi kubwa, Classic za mwanzo kwa mfumo wao wa asili zinagota GB 128. Memori ya kufanyia kazi ni ndogo, maktaba ikifika makumi elfu ya nyimbo inaanza kuzidiwa na kujizima yenyewe. FLAC, lile faili linalobana muziki bila kupoteza chochote, haisomi. Na kuingiza nyimbo kwa kawaida unapita iTunes, programu ya Apple, ambayo inazichukua faili zako inazipa majina ya herufi nne zisizo na maana na kuzitawanya kwenye folda zilizofichwa, kwaiyo ukiichomeka kwa mtu mwingine anayetaka kunakili wimbo anakutana na mafumbo matupu. Kwa mtu wa huku, ambako muziki unasafiri kwa kupeana flashi, hiyo peke yake inatosha kuniondoa.

Dawa yake ipo, inaitwa Rockbox, mfumo wa bure ulioanzishwa mwishoni mwa 2001 na kina Björn Stenberg kule Sweden kwa sababu mfumo uliokuja na pleya zao za Archos uliwakera. Unaiweka Rockbox kwenye iPod ya zamani au Sansa Clip, kile kipleya kidogo cha SanDisk, na ghafla inasoma FLAC, inasoma Ogg, unaburuta folda kama flashi ya kawaida na inafungua folda kama zilivyo. Hawa jamaa bado wanaiendeleza, toleo la 4.0 limetoka 2025. Kama una iPod imelala droo ya mtu, jaribu hiyo kwanza kabla ya kununua chochote. Mimi sikuwa nayo, na kununua iPod iliyotumika kwa picha tatu za mtandaoni, betri huijui, kebo ile pana ya zamani ikikatika uanze kuisaka mji mzima, nikaona hapana.

Pleya mpya za leo ziko za aina mbili, hata majina yakiwa mengi. Kuna zinazotumia Android, kina Sony Walkman, FiiO, HiBy na wenzao, hizi kimsingi ni simu isiyo na laini. Unaweka programu unayotaka, kioo kizuri, sauti safi. Tatizo la kwanza Android yenyewe inakula nafasi, Sony NW-A306 kwa mfano inaandikwa GB 32 lakini inayobaki kwako ni kama GB 18, kwaiyo kadi lazima. Tatizo la pili Android inazeeka, miaka michache programu zinaanza kukwambia mfumo wako wa zamani, wakati sehemu ya muziki bado nzima. Na bei, kwa bei ya baadhi yao unanunua simu nzuri mpya na chenji ya sabufa. Aina ya pili ni vipleya vya mfumo wake wenyewe, vidogo, vinawaka kwa sekunde chache, havina intaneti, kazi yake kupiga muziki basi. Betri inakaa, bei nafuu, kadi ndo nafasi yake yote. Huko ndo nilikotafuta mimi. Ila kuna mtego ambao wauzaji hawautangazi, baadhi zina kikomo cha idadi ya nyimbo zinazoingia kwenye orodha yao, yaani kadi inakubali GB 512 lakini orodha ikifika kikomo zinazofuata hazionekani. Tafuta maelezo ya mtengenezaji yale ya herufi ndogo, ukiona neno kikomo soma mara mbili.

Hapa sasa ndo tunafika kwenye jambo lenyewe. Watu wanauliza ina GB ngapi, inatoa sauti gani, wakati GB zimeshakuwa rahisi, tangu 2019 kadi ndogo za TB 1 zilitangazwa na kiwango cha hizi kadi kinaruhusu mpaka TB 2. Kujaza unajaza. Kazi iko kwenye kuupata wimbo mmoja kati ya maelfu, ukiwa umesimama kwenye mwendokasi, mkono mmoja umeshika bomba.

Pleya nyingi zinapanga nyimbo kwa tegi, yaani yale maandishi yaliyofichwa ndani ya faili, msanii nani, albamu gani, mwaka gani. Kwa mtu wa Ulaya aliyenunua muziki wake dukani tegi zimekaa vizuri. Zetu? Fungua kadi yoyote iliyojazwa kibandani. Msanii: hajulikani. Albamu: hajulikani. Wimbo: Track 01, Track 02, na Track 01 ziko themanini. Zilizoshushwa mtandaoni ndo vichekesho, sehemu ya msanii wameandika anuani ya tovuti, sehemu ya albamu anuani ya tovuti, kava ni nembo ya tovuti, kwaiyo ukifungua orodha ya wasanii unakuta msanii mwenye nyimbo nyingi kuliko wote Tanzania ni tovuti ya kushusha nyimbo.

Halafu hata ukisema ukae uandike tegi mwenyewe, unaandika nini? Chukua Msondo. Ilianza 1964 ikiwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, chama kikabadilika jina ikawa JUWATA, kikabadilika tena ikawa OTTU, mpaka leo ni Msondo Ngoma. Bendi ni ileile, watu wanapokezana. Ukifuata tegi pleya itakupa bendi nne, moja iko herufi ya J, nyingine M, nyingine N, nyingine O. Njoo Sikinde, walianza 1978 kwa jina la Mlimani Park, baadaye wakachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, sasa kwenye faili zangu kuna Mlimani Park, DDC Mlimani Park, Mlimani Park Orchestra, Orchestra Mlimani Park, Sikinde, na kuna mtu kaandika Sikinde Ngoma ya Ukae yote. Ikhwani Safaa ya Unguja, kikundi cha tangu 1905, kuna wanaoandika Ikhwan, kuna wanaoandika Akhwan, wengine wanatanguliza Nadi. Na herufi O kwenye pleya yangu ilikuwa maafa matupu kwa sababu kila bendi ya zamani ilikuwa Orchestra, Orchestra Maquis, Orchestra Safari Sound, Orchestra Makassy, unashuka mpaka kidole kinachoka.

Ndo maana nasema sharti la kwanza kwangu ni pleya ifungue folda. Sio tegi, folda, kama zilivyo kwenye kompyuta, na izipange kwa jina la faili. Folda naipanga mimi ninavyojua mwenyewe: TAARAB, ndani yake TANGA, UNGUJA, MOMBASA, ndani ya TANGA kuna Black Star na Lucky Star, na ndani ya DANSI kuna MSONDO yenye folda ndogo za NUTA, JUWATA, OTTU. Wimbo usiojulikana jina naupa maneno ya kwanza ya kuimbwa, maana hivyo ndo watu wanavyouomba, shangazi hajawahi kuniambia niwekee albamu fulani, anasema, "Mwanangu niwekee ile inayoanza na fidla peke yake," na anaanza kuuimba, na mimi nautafuta. Kuna pleya za bei mbaya kabisa ambazo folda wamezificha ndani ya menyu ya tatu na ukiingia folda moja ukitoka inakurudisha mwanzo. Ukiwa dukani omba uishike, ingia folda ndani ya folda ndani ya folda, piga wimbo, toka, uone unarudi wapi. Muuzaji atakuona msumbufu. Mwache akuone.

Jambo la sauti nitalipitisha haraka maana limejaa kelele. Boksi zinaandikwa biti 32, kHz 384, namba za kutisha. CD ni biti 16 na kHz 44.1 na hiyo tayari inabeba sauti yote mpaka juu ya pale sikio la binadamu linapokomea, karibu kHz 20. Kanda ya kawaida mara nyingi juu ya kHz 15 haina kitu, na kile kilichorekodiwa kutoka redio ya masafa ya kati ni kidogo zaidi. Sasa mimi na mikanda ya mzee, ambayo humo ndani kuna jogoo wa jirani, nilipie kHz 384 za nini? Nisikie jogoo vizuri?

Ila FLAC naitumia, sio kwenye pleya, nyumbani. Kanda ya dakika 60 ukiirekodi bila kubana inakula zaidi ya MB 600, FLAC inaishusha mpaka karibu nusu au zaidi kidogo bila kupoteza chochote. Na kama rekodi ni mono kweli, upande wa kulia na kushoto sawasawa, FLAC inalitambua hilo na inabana zaidi, upande wa pili unakuwa kama haupo. Kanda zilizonakiliwa kutoka kanda hazibaniki hivyo, mchakacho wa kushoto haufanani na wa kulia, na programu haijui kwamba mchakacho sio muziki. Hiyo FLAC ndo nakala mama inakaa kwenye eksteno, yaani diski ya nje, halafu natengeneza MP3 ya kbps 192 kwa ajili ya kubeba. Ukianza na MP3 ukaja kuibadilisha tena kuwa MP3 nyingine kila mara unapoteza, usifanye hivyo.

Kuna kitu kinaitwa ReplayGain ambacho ni muhimu kuliko hizo kHz zote na hamna anayekiuliza. Inapima ukubwa wa sauti wa kila wimbo na kuandika ndani ya faili, pleya inayoielewa inapandisha na kushusha yenyewe. Bila hiyo uko na hedifoni unasikiliza dansi la 1979 lililorekodiwa taratibu, umeongeza sauti mpaka mwisho, inafuata singeli. Masikio yako Mungu ndo anajua.

Uliza pia kama inakumbuka ulipoishia. Kanda nyingi nimeziacha faili moja upande mzima, dakika 30 au 45, kwa sababu salamu na mtangazaji ni sehemu ya utamu, na shangazi anasikiliza mawaidha ya saa nzima. Pleya ikizimwa ikianza upya mwanzo, anairudisha kwangu. Batani pia, za kubonyeza, za kushika kwa kidole ikiwa mfukoni au ndani ya pochi, maana tachi kwa mtu anayevaa miwani ya kusomea na mikono ina unga haifai.

Kadi sasa. Hili ukilikosea yote ya juu hayana maana. Mtaani kuna kadi zimeandikwa TB 1, TB 2, kwa bei ya chipsi mayai na soda, na simu ukiichomeka inasoma TB 1 kweli. Wanachofanya ni kubadilisha kile kichipu kinachosimamia kadi kiseme uongo, ndani kuna GB 16 au 32. Ni sawa na gesti ya vyumba vitano inayopokea wageni hamsini, kila anayekuja anaandikwa kitabuni na kupewa ufunguo. Nyimbo za mwanzo zinacheza vizuri, ukivuka ule uwezo wa kweli majina ya faili unayaona yote, ukubwa unauona, ukibonyeza hamna kitu, na mbaya zaidi wakati mwingine mpya zinafuta za mwanzo. Usiamini maandishi, ijaribu. Kwenye Windows kuna kiprogramu cha bure kinaitwa H2testw, kwenye Linux na Mac kuna F3, kinaijaza kadi mpaka mwisho halafu kinasoma kila kilichoandikwa na kukwambia ukweli. Kwa kadi kubwa inachukua masaa, iache usiku. Kuna muuzaji nilimwambia nitaijaribu kwanza ndo nilipe kamili, akaniangalia, "Sista, hii orijino hii, kwanini huamini?" Nikamwambia kama ni orijino basi tusubiri wote. Akasema ngoja nikuletee nyingine.

Kingine cha kadi ni mfumo wa kufomati, yaani namna kadi inavyopangwa ndani ili faili ziandikwe. Kuanzia GB 64 kwenda juu kadi zinakuja na exFAT, na pleya nyingi ndogo na mifumo kama Rockbox inataka FAT32. Windows kwa miaka mingi menyu yake ilikuwa inakataa kufomati FAT32 zaidi ya GB 32, kwaiyo watu wakadhani kadi kubwa haikubali, kumbe ni Windows tu, ukitumia programu nyingine ya kufomati inakubali. Hii ndo sababu pleya iliyoandikwa mwisho GB 32 mara nyingine inabeba 128 bila shida, Sansa Clip+ ni mfano maarufu.

Nilichochukua mwishoni ni kapleya kadogo ka mfumo wake wenyewe, batani za pembeni, tundu la hedifoni, kebo ya Type-C ileile ya simu, kinafungua folda moja kwa moja ukikiwasha, na kadi ya GB 256 iliyofaulu mtihani. Jina siliweki maana model zinabadilika kila baada ya miezi na ukifuata jina utaambiwa imeisha, fuata sifa. Blututhi kinayo, nyumbani nakiunga na sabufa, ila kwa shangazi tumechomeka waya tu, blututhi anasema inamchagulia nyimbo.

Na usiseme umemaliza kwa sababu viko kwenye pleya. Kadi inakufa bila taarifa, leo nzima kesho haisomeki. Mimi zipo kwenye eksteno mbili, moja kwangu na moja Tanga kwa kaka, na kila nikiongeza kanda mpya naongeza kote. Kaka ndo amefungua ya kwake juzi akakuta NUTA nimeiweka ndani ya MSONDO, kapiga simu kulalamika, anasema NUTA ni NUTA, wakati ule hakukuwa na kitu kinaitwa Msondo kwenye lebo, itoke ikae yenyewe. Nimemwambia akitaka atoe kwenye eksteno yake, kwenye pleya inabaki hivyohivyo.